Kati ya Haramia na Mfadhili: Skandinavia Ambayo Shule Iliiruka

Nilipokuwa kidato cha tatu niliwajua Waskandinavia wa aina mbili tu.

Aina ya kwanza ni wafadhili. Karibu na kwetu kulikuwa na chuo cha maendeleo ya wananchi, watu wakijifunza useremala, ushonaji na kilimo. Vyuo hivyo vilianzishwa Tanzania mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi, na wazee wa mtaani hawakusema "chuoni", walisema "kwa Wasweden", hata miaka mingi baada ya Mswidi wa mwisho kufunga virago. Aina ya pili niliiona kwenye banda la video: majitu yenye ndevu nyekundu na kofia za pembe, yanashuka kwenye merikebu yenye kichwa cha joka, yanachoma kanisa, yanaondoka. Msimulizi wa banda, aliyekuwa akitutafsiria palepale, aliwaita "maharamia wa barafu".

Siku moja kwenye kipindi cha historia nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hawa Waviking na hawa Wasweden wa chuoni, ni watu walewale?" Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, kisha akasema, "Hilo halitoki kwenye mtihani. Kaa chini."

Simlaumu. Alikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini, silabasi ndefu na chaki ya kugawana. Lakini swali lile nimeishi nalo miaka mingi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona halikuwa la kijinga. Kati ya haramia wa karne ya 8 na mfadhili wa karne ya 20 kuna shimo kubwa, na shule imelifunika kwa turubai. Watu hawalali maharamia wakaamka wafadhili. Katikati kuna kitu kilichotokea, na sehemu kubwa ya kitu hicho ilitokea Zama za Kati, yaani ile miaka mia tano hivi ambayo hata wenyewe Wazungu huipita mbiombio.

Hebu tuanze na kile shule inachosema. Madaftari yangu ya kidato cha tano na sita bado ninayo. Humo Ulaya ina nchi tano: Uingereza na mapinduzi yake, Ufaransa na mapinduzi yake, Ujerumani na Italia zikiungana, Urusi na Lenin wake. Skandinavia haimo. Kwa upande mmoja sababu yake ni ya haki kabisa. Baada ya uhuru tulitaka watoto wajifunze Afrika kwanza, na mimi singekubali ukurasa hata mmoja wa Kilwa au Mwenemutapa ukatwe ili kumpisha mfalme wa Norwei. Lakini angalia Ulaya iliyobakishwa: ni Ulaya ya wakubwa, ya waliotutawala na waliopigana vita vikuu. Wadogo wake hawahesabiki.

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Kule England kwenyewe, ambako Waviking walipiga, wakatoza fedha, wakalima na kuoa, mtaala wa taifa unawapa watoto wa shule ya msingi habari za Waviking na Waanglo-Saksoni hadi enzi ya mfalme Edward Muungamishi, aliyefariki Januari 1066. Kwa hiyo hadithi ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mlango wa kuingilia ni tarehe 8 Juni 793, siku ya kuvamiwa kwa monasteri ya kisiwa cha Lindisfarne. Mlango wa kutokea ni tarehe 25 Septemba 1066, pale mfalme wa Norwei, Harald Hardrada, alipouawa vitani Stamford Bridge. Baada ya hapo ni kama bahari imewameza.

Na huyo Harald ni mfano mzuri wa tunachopoteza. Kabla ya kuwa mfalme alikimbilia kwa watawala wa Kiev, akaenda Konstantinopoli kuwa askari katika kikosi cha walinzi wa kaisari, akapigana Sicily, akarudi na utajiri na kumwoa binti wa mtawala wa Kiev. Mtu aliyetembea nusu ya dunia iliyojulikana wakati ule anaingia kwenye kitabu cha shule siku ya kufa kwake tu.

Hata zile kofia za pembe ni za kubuni. Kofia ya Kiviking iliyo kamili zaidi ilipatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, na haina pembe yoyote. Pembe tunazozijua zilienezwa na jukwaa la opera: mbunifu wa mavazi Carl Emil Doepler alizitumia katika onyesho la Wagner huko Bayreuth mwaka 1876. Banda letu la video lilikuwa likionyesha fundi nguo wa Kijerumani, sisi tukidhani tunaona historia.

Sasa, kwa nini hadithi ikakaa hivyo? Kwa sababu ya kalamu. Mwaka 793 walioweza kuandika walikuwa watawa, na watawa ndio walioibiwa. Waskandinavia wakati ule walikuwa na herufi za runi, lakini walizichonga kwenye mawe na vijiti, maneno machache kwa shida. Vitabu hawakuwa navyo. Kwa hiyo sura yao ya kwanza ilichorwa na waliowaogopa. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki analijua jambo hili vizuri. Habari zetu za karne za mwanzo nazo zimeandikwa na wageni waliopita, mmoja akisifu, mwingine akidharau, na shule ikayachukua maneno yao kama yalivyo.

Tena ajabu ni kwamba mmoja wa wageni hao alikuwa yuleyule. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria mzaliwa wa Baghdad, alifika pwani ya nchi ya Zanj, katika kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho watafiti wengi wanaona ni Pemba. Safari yake ya mwisho kutoka huko kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917. Katika kitabu chake hichohicho kinachotueleza habari za Wazanji na pembe za ndovu zilizopelekwa Oman, kisha India na China, ameeleza pia namna watu walioitwa Warus, ambao wakuu wao walikuwa na asili ya Skandinavia, walivyoshuka na merikebu zao hadi Bahari ya Kaspi na kuiteka miji ya pwani yake. Uvamizi huo aliuweka miaka michache tu kabla ya safari yake ya Qanbalu. Kalamu moja, kitabu kimoja, kaskazini na kusini ya ulimwengu wa Kiislamu. Darasani kwetu Masudi alitajwa. Ukurasa wa pili wa kitabu chake haukufunguliwa.

Ulimwengu huo ulikuwa unashikamana kuliko tulivyoambiwa. Mwaka 1999, katika shamba moja liitwalo Spillings kwenye kisiwa cha Gotland, Uswidi, ilifukuliwa hazina ya karne ya 9 yenye kilo 67 za fedha. Ndani yake mlikuwa na sarafu zaidi ya 14,000, na karibu zote zilitoka nchi za Kiislamu. Yaani shamba la mkulima wa Kiswidi lilikuwa limefukia maelfu ya dirhamu zenye maandishi ya Kiarabu, miaka elfu moja na zaidi kabla ya mtu yeyote kuzungumzia utandawazi. Fedha hiyo haikufika kwa panga peke yake. Ilifika kwa manyoya ya wanyama, kwa asali, kwa nta, na kwa binadamu waliouzwa. Nitarudi kwa hao waliouzwa.

Lakini kwanza nataka tuingie ndani ya nyumba, tuache kuwatazama kutoka ufukweni wakati wanachoma.

Kuanzia miaka ya 870 watu, wengi kutoka Norwei, walihamia Iceland, kisiwa cha mawe, moshi na barafu. Mwaka 930 walianzisha baraza kuu lililokutana kila kiangazi uwanjani Thingvellir. Hawakuwa na mfalme. Hawakuwa na jeshi, polisi wala mkuu wa wilaya. Walikuwa na sheria, na sheria haikuandikwa mahali. Ilikaa kichwani mwa mtu mmoja aliyechaguliwa, msema-sheria, ambaye kila mwaka alisimama mbele ya baraza na kuisema kwa sauti theluthi moja ya sheria zote, hivi kwamba katika miaka mitatu taifa zima limezisikia zote. Sheria zilianza kuandikwa majira ya baridi ya mwaka 1117 kuamkia 1118. Kabla ya hapo, karibu karne mbili, nchi iliendeshwa kwa kumbukumbu ya mdomo.

Nilipolisoma hili mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Shuleni tulifundishwa kwamba jamii isiyo na maandishi haina historia, au ina "hadithi za wazee" tu, kitu cha kuwekwa kwenye aya moja ya vyanzo vya historia kisha kukosolewa: inasahaulika, inaongezwa chumvi. Na kumbe huko huko Ulaya, kwa hao hao tunaoambiwa leo kuwa ni mfano wa utawala bora, mdomo wa mzee mmoja ndio uliokuwa katiba.

Kisa kimoja kinaonyesha ilivyofanya kazi. Mwaka 1000, au 999 kwa hesabu ya wengine, Waiceland waligawanyika: Wakristo upande huu, wafuasi wa miungu ya jadi upande huu, na kila kundi linatishia kujitoa na kuwa na sheria yake. Vita vilikuwa mlangoni. Wakakubaliana suala liamuliwe na msema-sheria Thorgeir, ambaye mwenyewe hakuwa Mkristo. Ari Thorgilsson, aliyeandika habari hizi kati ya 1122 na 1133 kwa lugha yake na si Kilatini, anasema Thorgeir alikwenda kulala kibandani kwake, akajifunika joho, akakaa kimya mchana kutwa na usiku kucha. Asubuhi akatoka, akawaambia kwamba wakiivunja sheria moja wataivunja na amani. Kisha akaamua kinyume cha dini yake: watu wote wabatizwe. Ila aliacha upenyo. Kula nyama ya farasi kuliruhusiwa kuendelea, na anayetaka kutambika kwa siri asisumbuliwe mradi hakuna shahidi. Upenyo huo ulizibwa miaka michache baadaye. Hakuna damu iliyomwagika uwanjani siku ile.

Hapa sitaki kupamba. Nchi ile isiyo na mfalme haikudumu. Kwa kuwa hakukuwa na chombo cha kutekeleza hukumu, aliyeshinda kesi ilibidi aitekeleze mwenyewe, na polepole koo chache zikameza nyingine. Karne ya 13 ilikuwa ya vita vya kikoo vya kutisha, na kati ya 1262 na 1264 Waiceland wakajiweka chini ya mfalme wa Norwei. Sheria bila nguvu ya kuitekeleza, na nguvu iliyokua mpaka ikaimeza sheria: niambie kama hilo si somo la uraia.

Na katikati ya moto huo ndipo fasihi ilipozaliwa. Masimulizi marefu ya kinathari ya Waiceland huitwa saga. Neno hilo halina undugu na kusaga unga. Linatokana na kitenzi chao cha "kusema", kwa hiyo ukitafsiri moja kwa moja, saga ni "kisemwacho". Karne ya 13, nchi ikiwaka, watu walikaa mashambani kwao wakiandika kwenye ngozi za ndama visa vya mababu wa miaka mia mbili au tatu nyuma. Waliandika kwa lugha ya nyumbani wakati sehemu kubwa ya Ulaya bado ikiona kuwa jambo la maana huandikwa kwa Kilatini.

Snorri Sturluson ni mmoja wao. Alikuwa tajiri, mwanasiasa mwenye tamaa, msema-sheria mara mbili, na mjanja asiyeaminika sana. Lakini mnamo mwaka 1220 aliona hatari ambayo wengine hawakuiona: vijana washairi walikuwa wanasahau. Mashairi ya kale yalijaa mafumbo yanayotegemea visa vya miungu, na sasa kila mtu ni Mkristo, nani atayafumbua? Akaandika Edda, kitabu cha kufundisha utunzi: visa, mafumbo, mizani na vina. Hakuwa anairudia dini ya zamani. Alikuwa anaokoa kamusi. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu Odin na Thor, pamoja na filamu zote za Hollywood zilizofuata, inasimama juu ya kitabu cha mwalimu huyu. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1241 watu waliotumwa na Gissur Thorvaldsson, aliyekuwa mkwewe zamani na sasa yuko upande wa mfalme wa Norwei, walimfuata Snorri hadi chumba cha chini cha nyumba yake Reykholt, wakamuua.

Wanaotunga kwa Kiswahili hawahitaji maelezo marefu hapa. Sisi pia tunao wazee wanaojua maana ya mafumbo ya tenzi za zamani, na tunao vijana wenye vipaji wasiowahi kuwauliza. Snorri aliuliza mapema.

Vitabu vyenyewe viliteseka. Kadiri umaskini ulivyozidi Iceland, kurasa za ngozi zilitumika kwa kazi nyingine. Zipo zilizokatwa kuwa kigezo cha fundi nguo. Karne ya 17 na 18 nakala nyingi zilipelekwa Copenhagen, makao ya mfalme, baadhi zikaungua katika moto mkubwa wa jiji hilo mwaka 1728. Mwaka huohuo wa 1728, huku kwetu, nakala ya Utendi wa Tambuka ilikuwa inaandikwa Pate, na ni miongoni mwa nakala za kale kabisa za Kiswahili zenye tarehe. Huku kinaungua, huku kinaandikwa. Baada ya Iceland kupata uhuru wake walizidai nyaraka zao. Tarehe 21 Aprili 1971 meli ya kijeshi ya Denmark ilitia nanga Reykjavik ikiwa imebeba vitabu viwili vya kwanza vilivyorudishwa, na umati wa watu ulijaa bandarini kuvipokea. Vitabu viwili! Kila tunapojadili mali zetu zilizoko katika makumbusho ya Ulaya huwa tunaambiwa haijawahi kutokea. Imetokea, tena kati ya Wazungu kwa Wazungu, ila kwa kuwa hatusomi historia yao hatuna mfano wa kuwatolea.

Nilisema nitarudi kwa waliouzwa. Ni lazima, maana kuna upenzi wa siku hizi wa kuwafanya Waviking kuwa mashujaa safi. Walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa watumwa. Ibn Fadlan, aliyetumwa na khalifa kutoka Baghdad mwaka 921, aliwakuta Warus kando ya mto Volga wakiuza wasichana, na akaeleza mazishi ya mkuu wao ambapo msichana mtumwa aliuawa ili aandamane naye. Lakini jambo lililonigusa zaidi sikulipata kwa mgeni. Nililipata kwao wenyewe, katika Laxdæla, saga ya karne ya 13. Hoskuld, tajiri wa Iceland, anakwenda sokoni kwenye visiwa vya mpakani, ananunua msichana kwa marki tatu za fedha, mara tatu ya bei ya kawaida. Muuzaji anamwambia kabisa: huyu ni bubu. Anamchukua, anazaa naye mtoto wa kiume. Asubuhi moja, mtoto akiwa na miaka miwili, Hoskuld anasikia sauti karibu na kijito. Ni yule "bubu", anazungumza na mwanawe. Anaitwa Melkorka, binti wa mfalme wa Ireland, alitekwa akiwa na miaka kumi na mitano. Hakuwa bubu. Alikuwa amekataa kusema nao. Neno lake alimtunzia mtoto.

Je, Melkorka aliishi kweli? Saga si cheti cha kuzaliwa. Lakini uchunguzi wa vinasaba vya Waiceland wa leo umeonyesha kuwa zaidi ya nusu ya ukoo wao wa upande wa mama unatoka Ireland na Scotland. Waliandika kuhusu bibi zao, na angalau mwandishi mmoja aliona kwamba kimya cha mtumwa kinaweza kuwa ni uamuzi. Mtu yeyote aliyekulia pwani yetu, ambako kuna nyumba zenye bibi asiyeulizwa alitoka bara gani, ataisoma sura ile polepole.

Utumwa huo ulikwisha. Mwaka 1335 mfalme Magnus Eriksson wa Uswidi, akiwa Skara, alitangaza kwamba aliyezaliwa na mzazi Mkristo katika majimbo ya Västergötland na Värend asiitwe mtumwa tena. Na hapa ndipo shule ingepaswa kushtuka kweli. Wale wa rika langu tunaikumbuka ile ngazi ubaoni: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari. Kila jamii inapanda daraja moja baada ya jingine. Sasa wachukue wakulima wa Uswidi, Norwei na Iceland. Utumwa waliupitia. Lakini ule ukabaila wa mkulima kufungwa kwenye ardhi ya bwana, asiyeweza kuhama wala kumiliki, haukuota mizizi kwao. Wengi walikuwa wapangaji, wakilipa kodi, lakini walikuwa watu huru mbele ya sheria. Denmark ilikuwa tofauti. Huko wakulima walikuja kufungwa kwenye ardhi, hadi karne ya 18. Jirani wawili, dini moja, lugha zinazosikilizana, njia mbili. Mfano mmoja huu ungetosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba ngazi ile ilikuwa ni mchoro tu.

Mwaka 1274 mfalme Magnus wa Norwei, aliyepewa jina la Mrekebisha-Sheria, alianza kutoa sheria moja kwa nchi yake nzima, jambo lililokuwa adimu Ulaya. Humo binti anarithi nusu ya fungu la kaka yake, na maskini aliyeiba chakula ili asife njaa, baada ya kutafuta kazi na kukosa, haadhibiwi. Ukisikia leo nchi hizo zinasifiwa kwa kuwajali wanyonge, usidhani jambo hilo lilidondoka kutoka mbinguni mwaka 1945. Wala usidhani ni mstari ulionyooka, maana karne za umaskini na ukatili zilipita katikati. Lakini wazo kwamba njaa ni jambo la sheria, si la huruma peke yake, lilikuwa limeshaandikwa.

Na kuna muungano. Sisi wa Muungano wa 1964, na wa Jumuiya iliyovunjika 1977, tungefaidika sana na kisa cha Kalmar. Margrete, binti wa mfalme wa Denmark, aliozwa akiwa na miaka kumi kwa mfalme wa Norwei. Mume akafa, na mwaka 1387 mwanawe wa pekee, mfalme Olaf, naye akafa. Hakukuwa na utaratibu wa mwanamke kutawala, kwa hiyo Wadenmark wakamtungia cheo kilichomwita bibi na bwana wa nyumba kwa pamoja. Norwei ikamfuata, kisha Uswidi, na mwaka 1397 mjini Kalmar mrithi aliyemlea, Erik, alitawazwa kuwa mfalme wa nchi zote tatu. Margrete aliendelea kushika usukani hadi alipofariki mwaka 1412. Muungano ulidumu kwa kusuasua. Novemba 1520 mfalme Mdenmark aliwakata vichwa wapinzani wake zaidi ya themanini Stockholm, na mwaka 1523 Uswidi ikajitoa moja kwa moja. Norwei ilibaki na Denmark karibu miaka mia tatu zaidi, na iliyolipa ni lugha. Kinorwei cha maandishi, kilichoandika sheria ya 1274, kikafa; Kidenmark kikashika ofisi, mahakama na kanisa. Iceland, iliyokuwa maskini zaidi lakini yenye vitabu, iliendelea kuandika kwa lugha yake. Somo hilo sihitaji kulifafanua kwa wasomaji wa Kiswahili.

Sasa tufanye nini? Sidai mada mpya. Mwalimu wangu wa wakati ule angenitimua, na angekuwa na haki. Nadai mistari michache mahali penye nafasi tayari. Ukifundisha masimulizi ya mdomo kama chanzo cha historia, mtaje msema-sheria wa Thingvellir. Ukifundisha ukabaila, waweke Mswidi na Mdenmark bega kwa bega. Ukifundisha biashara ya pwani na Masudi, geuza kurasa chache za kitabu chake. Na sisi wasomaji tusingoje silabasi. Laxdæla na saga ya Njal zinapatikana kwa Kiingereza, na mtu aliyezoea visa vya koo, posa, kisasi na mashauri ya wazee hatapata shida kuzielewa. Pengine atazielewa haraka kuliko kijana wa London.

Mwaka 1955 moto uliteketeza sehemu ya bandari ya zamani ya Bergen, Norwei, na wachimbaji waliofukua majivu wakapata mamia ya vijiti vyenye maandishi ya runi, mengi ya Zama za Kati: majina ya wenye mizigo, sala, mapenzi, matusi. Kimoja kina ujumbe wa mwanamke aitwaye Gyda, anamwambia mtu arudi nyumbani. Nyuma yake kuna alama za jibu, ila hazisomeki. Labda mtu yule alikuwa kilabuni, kalewa, anajaribu kuchonga. Kila mwenye simu anaujua ujumbe huo.

Leo mwanafunzi akiniuliza lile swali langu, nitamwambia hivi: ndiyo, ni watu walewale. Kisha nitamwambia habari za Gyda, maana hapo ndipo mtu anapoacha kumwona haramia au mfadhili, akaanza kuuliza jina la mume.